Kutua Bila Kishindo

Mimi mpira siujui, na kwa umri huu sitaki tena kuujua. Kazi yangu ni cherehani. Nashona vitambaa vya makochi katika karakana ambayo mwenyewe tunamwita Fundi, na mashine yangu ipo dirishani, na dirisha linatazama ua wa nyuma. Kwa hiyo yaliyotokea kwenye ule ua niliyaona nikiwa nimekaa kitako, mguu kwenye pedeli, bila kumwomba mtu anihadithie. Nasema hivyo mapema kwa sababu mtaani kila mtu anaisimulia kwa namna yake, na wengine wameitia chumvi mpaka hailiki.

Fundi ni mtu wa makamo, mwembamba, vidole vimejaa makovu ya misumari na nywele zimeshika vumbi la mbao tangu asubuhi. Anachechemea. Goti lake la kulia halikunjiki vizuri, kwa hiyo akiwa anapigilia fremu hupiga goti moja tu, na mguu wa pili unabaki umenyooka pembeni kumkwaza anayepita. Mteja mmoja aliukwaa akaangukia kochi alilokuja kulipatana bei. Fundi hakunyanyua hata kichwa. Akamwambia, "Haya, umeshalijaribu, sasa lichukue."

Goti lile aliliharibu akiwa kijana mdogo. Kocha wao wa zamani hizo aliamini mchezaji lazima awe na miguu ya kuruka, basi akawa anawapandisha juu ya ukuta wa stoo na kuwaamuru waruke chini kwenye sakafu ya saruji, kisha wajirushe tena juu hapo hapo. Kutua hakuna aliyewafundisha. Siku moja Fundi akatua vibaya, na mpira wake ukaishia pale. Habari hizi nilizipata kwa dada yake. Yeye mwenyewe hakuwahi kunisimulia, nami sikumchokonoa.

Huyo dada yake ni mkubwa kwake. Anafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, mwanamke wa maneno machache, na ukimsikia anaongea ujue limemfika shingoni. Ana mtoto mmoja wa kike, yuko sekondari, ambaye mtaa mzima tunamwita Kiberiti kwa sababu ni mdogo wa umbo na hasira zake zinawaka kwa kuguswa tu. Kiberiti alipenda mpira kuliko chakula. Mama yake alikataa, akakataa, akakataa tena, mpaka Fundi alipombembeleza mbele yangu, pale pale kwenye meza ya kukatia vitambaa.

"Dada, mtoto anataka kucheza na wenzake tu. Si kwamba anakwenda kutafuta kombe."

Dada akaweka kapu lake chini. "Mdogo wangu, mimi nimeshaishi na goti moja bovu ndani ya nyumba yetu. La pili silitaki. Acheze. Lakini siku atakayorudi kwangu anachechemea, mpira basi, na wewe usije mlangoni kwangu."

Fundi akaapa. Nilikuwepo, nilimsikia. Tangu siku ile alijua kwamba akiteleza anampoteza dada, na Kiberiti anapoteza mpira, na wote watatu tukajua hivyo, nikiwemo mimi ambaye hayakunihusu.

Timu yenyewe, ambayo Fundi ndiye aliyekuwa kocha wake, ilikuwa ya watoto wa mtaa, wavulana kwa wasichana, wa kujifurahisha. Ligi hawana, jezi hawana. Wanacheza jioni kwenye uwanja wa shule, na Jumamosi wanakutana na watoto wa mitaa mingine, wanafungana, wanagombana, wanarudi nyumbani. Sasa ikatokea mwalimu mmoja wa michezo akatoa mafunzo mafupi kwa makocha wa timu ndogo kama hizi. Fundi akafunga karakana, akaenda, akarudi macho yanamwaka.

"Cherehani!" akaniita. Huniita hivyo, kwa jina la mashine, nami nimeshazoea. "Kumbe kosa halikuwa kuruka! Kosa lilikuwa kutua!"

Akanieleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Kuna mazoezi yana jina refu, plaiometriki, ambayo pale uani tuliyaita mruko basi. Mchezaji anaruka, anatua, na mguu ukigusa chini unajikunja kidogo na kumrusha tena papo hapo, kama springi ya kochi. Vijana wanaocheza kwa kujifurahisha yanawasaidia sana: wanakimbia kwa kasi, wanaruka juu kupiga kichwa, wanageuka bila kuanguka. Lakini wana mifupa inayokua bado, hivyo mambo yaende pole pole. Waanze chini kabla ya kwenda juu, wapate siku ya kupumzika katikati, waruke kwenye ardhi laini, na kabla ya yote wajue kutua. Anayetua vizuri hatoi kishindo. Na mwalimu akaongeza kwamba kocha akodoe macho kwenye goti, lisiingie ndani. Fundi aliyabeba yote mpaka nyumbani, ila hilo la kukodoa macho lilidondoka njiani.

Akatengeneza masanduku matatu ya mbao, kazi safi, kingo zote amezizungushia sponji na kitambaa nilichoshona mimi. Watoto hawakukawia kuyabatiza. Dogo wakaliita Stuli ya Bibi. Kubwa wakaliita Ghorofa. La kati halikupata jina, kila mtu alikuwa na haraka ya kulipita.

Ua wetu ni wa udongo, laini, na mtu akirukia pale husikii vizuri. Basi Fundi akaleta karatasi ya plaiwudi akailaza chini.

"Si ulisema ardhi laini?" nikamuuliza dirishani.

"Laini, ndiyo. Lakini nitasikiaje?"

Kusikia ndiko kulikuwa sheria yake. Alikaa kwenye kigoda, mgongo umeegemea ukuta, akafumba macho na kutega sikio. Watoto wanaruka mmoja mmoja kutoka kwenye sanduku, wanatua kwenye plaiwudi, wanajirusha tena. Aliyetua kimya anapanda sanduku linalofuata. Aliyetoa kishindo anarudishwa chini. Na Jumamosi walioanza mchezo ni wale wa Ghorofa, wengine wanasubiri.

"Kwa nini usiangalie kama watu wengine?" nikamuuliza siku moja.

"Kiberiti ni mtoto wa dada yangu. Nikiangalia watasema nampendelea. Masikio yangu hayajui nani karuka."

Nikaona ni jibu la mtu mwenye akili, nikaendelea na pindo langu.

Tatizo lilikuwa Kiberiti mwenyewe. Yule mtoto aliruka vizuri kuliko wote, lakini kutua! Udogo ule wa mwili sijui alitoa wapi kile kishindo. Fundi amefumba macho pale, anapiga kelele, "Nani huyo anashusha gunia la mchele? Stuli ya Bibi!" Wenzake wanavunjika mbavu. Gunia la mchele lilikuwa yeye kila siku. Alikuja mpaka dirishani kwangu machozi yanamlenga.

"Shangazi, mjomba hata hajui ni mimi!"

"Si ndiyo vizuri? Angejua angekuonea haya."

"Sitaki anionee haya. Nataka anione."

Akaondoka ananuna. Mimi nikajua ni maneno ya kitoto.

Katika timu kulikuwa na kijana mmoja mrefu, mwenye miwani, hodari wa kujibu maswali ambayo hakuulizwa. Wenzake walimwita Profesa. Huyu alikuwa amekwama kwenye sanduku la kati, na kimbelembele chake kikamtuma kutafuta njia. Mlangoni kwetu kuna gunia la vibaki vya sponji. Ni vya bure, kila mtu huchukua: wengine wanajazia mito, wengine wanaziba mapengo ya madirisha, paka wa jirani aliwahi kuzalia humo. Profesa akachukua vipande vinene, akavikata kwa mkasi kufuata unyayo wake, akavisokomeza ndani ya viatu. Jioni ile akatua kama jani. Fundi akamshangilia, akampandisha Ghorofa, na Profesa akatembea amevimba kichwa.

Siri ya watoto haikai. Akamwambia mmoja, mmoja akamwambia wa pili, na kabla mwezi haujaisha gunia letu la vibaki likawa limepungua na uani wametulia kama maji mtungini. Wanaruka, wanatua, husikii kitu. Na Kiberiti naye akapanda la kati, halafu akapanda Ghorofa, miguu imejaa ndani ya viatu mpaka kamba zinafungwa kwa shida.

Fundi alifurahi mpaka akawa anaudhi.

"Cherehani, unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hicho unachosikia!"

Haya, nikasikia kimya. Mchana anapigilia misumari huku anatabasamu peke yake. Wateja akawa anawasimulia habari za kutua badala ya habari za makochi yao, na mmoja alikuja kuulizia kabati akaondoka anajua kukunja magoti. Mwishowe akatengeneza sanduku la nne, refu kuliko Ghorofa, na watoto wakaliita Mnara kabla gundi haijakauka. Na hakuishia hapo. Akamwalika dada yake aje ashuhudie.

Dada alikuja amevaa aproni ya kazini, mikono bado myekundu kwa mvuke wa pasi. Akasimama kando ya mlango. Fundi akamwambia, "Sikiliza tu, dada. Utasikia mwenyewe." Akakaa kwenye kigoda chake, akaegemea ukuta, akafumba macho.

Profesa akaruka kwanza kutoka Ghorofa. Kimya. Akafuata mwingine. Kimya. Fundi akanyanyua kidole, akatangaza, "Sasa Mnara."

Kiberiti akapanda. Alipofika juu alimtazama mjomba wake, akamkuta amefumba macho, akamtazama mama yake. Akaruka. Nilisimamisha mashine nikamwona vizuri. Miguu iligusa plaiwudi, na kabla hajajirusha tena mguu wa kushoto ukayumba ndani ya kiatu, kifundo kikalala upande, na goti likakunjika kwa ndani, upande ambao goti halikunjiki. Kishindo hakikutoka. Nusu dakika haikufika, lakini katika muda ule mdogo Fundi alikuwa ameshaanza kutabasamu, macho yamefumbwa, kichwa kinakubali kwa furaha. Ndipo mtoto akapiga ukelele.

Fundi alipofumbua macho, dada yake alikuwa ameshafika. Hakupiga kelele, hakumtukana mtu. Alipiga magoti kwenye plaiwudi, akamshika mwanawe kichwa, akafungua kamba za kiatu kilichobana. Kiatu kilipotoka kikatoka na sponji. Kipande kinene cha manjano, kimekatwa umbo la unyayo, kimebonyea katikati.

Fundi alikiokota. Anazijua sponji zake zote kwa rangi na kwa mkono, na ile ilikuwa ya makochi ya ofisi fulani tuliyoyamaliza karibuni. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Kisha akawatazama wale watoto wengine, na wote wakatazama viatu vyao.

Nilifunga karakana nikaenda nao hospitali, maana kati ya wale ndugu wawili hakuna aliyekuwa anaongea, na lazima awepo mtu wa kujibu maswali ya mapokezi. Picha ikapigwa. Baadaye tukaingia kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mwanamke kijana mwenye mikono yenye nguvu na sauti ya kutuliza. Akalipapasa goti, akalisukuma pole pole huku na huku, Kiberiti amejikaza kisabuni.

"Kano za upande wa ndani zimevutika," akasema. "Hazikukatika. Ana bahati. Nani alimwona akitua?"

"Nilikuwepo," Fundi akasema.

"Goti lilielekea wapi?"

 Fundi akaangalia ukutani kulikokuwa na mchoro wa mifupa, kana kwamba jibu limeandikwa pale.

"Lilikwenda ndani," dada yake akajibu. "Kwanza mguu ulicheza ndani ya kiatu, halafu kifundo kikalala, halafu goti likaja ndani mpaka karibu kugusa mwenzake."

Mtaalamu akamshukuru, akashika kile kipande cha sponji. Akatueleza taratibu, bila kumsimanga mtu. Mguu ukikanyaga kitu kinene na laini hivi ndani ya kiatu, haujui tena chini ni wapi, unayumba. Kishindo kinapungua, lakini uzito unaoingia kwenye goti ni ule ule. Kutua kimya ni dalili nzuri pale mtu anapokunja nyonga na magoti, na hilo huwezi kulijua kwa sikio pekee. Halafu akamgeukia Fundi. "Kaka, wewe ulikuwa unaangalia wapi?"

Kiberiti ndiye aliyejibu, kutoka kitandani. "Alikuwa amefumba macho. Siku zote anafumba. Hajawahi kuniona nikiruka hata mara moja."

Aliyasema bila hasira, yeye ambaye ana hasira za kugawa mtaa mzima. Fundi akatoka nje. Nilimkuta kwenye korido amesimama, mkono kwenye goti lake mwenyewe.

Kesho yake aliupiga Mnara nyundo mpaka ukawa mbao. Ghorofa nalo akalivunja. Plaiwudi akaikata, ikawa mgongo wa kabati. Watoto walipokuja jioni akawaambia mruko umekwisha, timu imekwisha, waende wakasome. Akarudi ndani akaendelea na kazi, na kwa siku nyingi karakana ikawa mahali pa kutisha. Alikuwa ananiuliza uzi uko wapi, namjibu, basi. Kwa dada yake hakwenda. Alikatazwa mlango, na Fundi ni mtu anayetii pale anapotaka kuadhibiwa.

Watoto hawakukubali kirahisi. Mchana mmoja, Fundi akiwa amekwenda kununua mbao, Profesa alikuja na wenzake wakiwa wamejipanga kama wanaokwenda kupewa chanjo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mnataka nini?"

Wakaanza kuweka mezani vipande vya sponji, kila mmoja jozi yake, vimebonyea, vinanuka soksi. "Tumerudisha," Profesa akasema.

Nikaviangalia. "Nivifanyie nini sasa? Nimshonee mteja kiti cha nyayo?"

Wengine wakajaribu kucheka. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Tulitaka afurahi, shangazi. Akisikia kimya anafurahi sana."

Nilivikusanya vile vipande nikavitia kwenye mfuko, nikawaambia waende. Fundi aliporudi nikamweleza kila neno. Alikaa juu ya fremu isiyo na sponji, akashika tama, akakaa hivyo mpaka jua likahama dirisha.

Dada yake akaja mwenyewe. Alikuja asubuhi kabla ya kazi, akanisalimia, akavuta kigoda kile kile cha uani akakikalia. Nilinyanyuka nitoke. Akasema, "Kaa, mama. Wewe uliyasikia ya mwanzo, usikie na haya."

Fundi akaanza kabla hajaulizwa. "Dada, nimekosa. Mpira basi, kama ulivyosema. Nimeshawatawanya."

"Nani kakuambia mpira basi?"

"Wewe. Ulisema siku atakayochechemea…"

"Nilisema. Nilikuwa naogopa nikasema. Lakini mtaalamu ameniambia goti litapona, na likipona mtoto afundishwe kutua upya, kutoka chini, polepole, mtu anaangalia. Ameniambia asipofundishwa ndiyo ataumia tena, maana kucheza atacheza tu, niwepo nisiwepo. Nikafikiri umeshasikia. Kumbe umevunja masanduku."

"Mkataze, dada," Fundi akasema. "Nakuomba mkataze. Akikatazwa na wewe atanyamaza."

Dada akamgeukia. "Nimkataze ili wewe upumzike?"

Fundi akaanza kuokota misumari sakafuni.

"Siku ile ulipoanguka kwenye saruji," dada akaendelea, na sauti yake haikupanda wala kushuka, "nilikuwa nimekuletea maji. Wenzako wote waligeuza nyuso. Kocha wako alijitia anatafuta kitu mfukoni. Ulikuwa unaita, na hapakuwa na mwingine wa kukuitikia, basi nikakuangalia mimi. Nililiona goti lako tangu lilipoanza kukunjika mpaka walipokubeba. Mpaka leo naliona. Napiga pasi naliona. Sasa nimemwona na mwanangu vile vile, peke yangu, na ninyi wote mpo, na wewe umekaa pale kwenye kigoda unatabasamu."

"Sikujua, dada."

"Ulijua. Usiniambie habari za kupendelea. Ulifumba macho kwa sababu unaogopa kuona."

Hapo Fundi akalia. Nimefanya kazi na mtu huyu miaka, nimemwona akijipiga nyundo kidole mpaka kucha ikang'oka, lakini kulia sikuwahi kumwona. Alilia waziwazi, mikono imening'inia, vumbi la mbao linalowa usoni.

"Naogopa," akasema. "Mtoto akiwa hewani goti langu linauma, dada. Kabla hajatua linauma. Siwezi."

"Na mimi naogopa," dada akasema. "Basi fumbua macho tuogope wawili. Mimi peke yangu nimechoka."

Akanyanyuka, akachukua kapu lake, akaenda zake kazini.

Goti la Kiberiti lilipona kwa taratibu zake. Alikwenda kwa mtaalamu, akanyooshwa, akakunjwa, akasimamishwa kwa mguu mmoja mbele ya kioo, akanung'unika kila siku. Fundi alikwenda naye. Alikaa kona ya chumba kile akiangalia, na mtaalamu akawa anamuuliza goti liko wapi, naye anajibu. Mwanzoni alikuwa anajibu huku jasho linamtoka. Profesa na wenzake nao wakaitwa, wakaambiwa wavue viatu vikaguliwe, na mruko ukaanza upya kwenye majani ya uwanja wa shule, bila plaiwudi, bila Ghorofa, sanduku dogo peke yake. Wengine walilalamika kwamba ni la watoto. Fundi akawaambia anayelidharau aende akaruke kwao.

Siku Kiberiti aliporuhusiwa kuruka nilikwenda na mimi. Nilidanganya kwamba nina haja ya kununua vifungo upande ule. Mama yake alikuwepo, kwenye kona ya uwanja, mikono ameifunga kifuani, amesimama jinsi mtu anavyosimama akiwa hana nia ya kukaa. Macho yake yalikuwa kwenye goti la mwanawe na hayakupepesa.

Fundi akapiga goti moja kwenye majani, ule mguu mwingine ameunyoosha pembeni, ili macho yake yawe sawa na magoti ya mtoto. Kiberiti akapanda sanduku dogo. Fundi akashindilia mikono yake chini.

Kiberiti akaruka. Akatua puu! Gunia la mchele halisi. Wenzake wakacheka, lakini Fundi alikuwa kama hakusikia.

"La kushoto limeyumba. Rudia."

"Kidogo tu, mjomba!"

"Hicho kidogo nimekiona. Kaa chini zaidi ukitua. Rudia."

Akarudia. Likayumba tena. Akarudia. Fundi alikuwa mweupe midomo, na kila mtoto alipokuwa hewani uso wake ulikunjamana kwa maumivu, lakini macho aliyaacha wazi. Mtoto akapanda tena, akashuka, mpaka goti likakaa juu ya vidole na likatulia pale.

"Hapo," Fundi akasema. Halafu, bila kugeuka, akaita, "Dada. Wewe kapumzike. Hapa naangalia mimi."

Nilidhani dada hakusikia. Kisha nikaona mikono inafunguka kifuani, kidogo kidogo, na mabega yanashuka. Akageuka. Akaupa uwanja mgongo, akatazama upande wa barabarani ambako hakukuwa na kitu cha kutazama. Nyuma yake mtoto akaruka, akatua kwa kishindo kilichosikika mpaka getini, na yeye hakugeuka.